Wakili, injinia, mshauri: wote mnakatwa 15%

Makamanda, naona ubishi haujaisha: nani analipwa vizuri akimaliza chuo, wa sheria, wa uinjinia, au yule aliyeingia kampuni ya ushauri wa biashara akaanza kuvaa tai kila siku? Ubishi mtamu, ila mnabishania namba ya kwenye barua ya ajira. Hiyo hela hamuioni.

Chukua mshahara wa 800,000. NSSF 80,000. TRA 60,000. Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara kabla ya makato mengine, yaani 120,000. Unabaki na 540,000, na hapo bado kodi ya chumba, bado daladala, bado mama kijijini anayejua mwanaye sasa ni bosi.

Umeona? Bodi inachukua mara mbili ya TRA! Na angalau TRA wana ngazi, mwenye kidogo anakatwa kidogo. Bodi haina habari hiyo. Mshauri wa milioni nne na injinia wa laki nane, wote 15% ile ile. Halafu mnagombana wenyewe kwa wenyewe.

Kibaya zaidi, wapo waliokopa wakijua makato ni 8%. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa bungeni, ikawa 15%, na wao wakabebwa humo humo. Mangi wa dukani akikupandishia bei ya unga ulioshakula utamwelewa?

Nitasema haki: mwaka 2021 ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Sawa. Watu walikuwa wameipigia kelele miaka. Basi kelele ziendelee.

Na hao ni waliopata kazi. Wa sheria bado ana Law School: matokeo ya 2022, wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Injinia naye ana mafunzo ya miaka mitatu chini ya usimamizi kabla ERB haijamsajili kuwa mhandisi kamili. Huko katikati anakula nini?

Tunachotaka ni makato ya ngazi, na kiwango cha mshahara ambacho chini yake Bodi haigusi kitu. Mbunge akipita mtaani kwenu, mpe salary slip yako aisome mbele za watu, kisha mwambie ataje lini atalipeleka hili bungeni.