RELI ZETU ZAENDA WAPI?

Wananchi, mwenye ramani ya Afrika na aitazame. Toka Mombasa mpaka Kisumu, njia ya Mwingereza, 1896 hadi 1901. Toka Dar es Salaam mpaka Kigoma, njia ya Mjerumani, iliyofika ziwani mwaka 1914. Toka Brazzaville mpaka Pointe-Noire, njia ya Mfaransa, 1921 hadi 1934, ambayo wenzetu wasiopungua 15,000 walikufa wakiijenga kwa kazi ya shuruti. Toka Katanga kwenye shaba mpaka Lobito, pwani ya Angola, mwaka 1931. Kila moja ncha yake iko penye mali, na ncha ya pili penye meli.

Ziko wapi zitokazo kwa Mwafrika kwenda kwa Mwafrika? Mkoloni hakusahau kuzijenga. Hakuja kwa kazi hiyo! Hata upana wa njia alituachia mbalimbali: reli ya kati milimita 1,000, za kusini 1,067. Ndiyo maana mpaka leo mzigo wa TAZARA ukitaka kuingia reli ya zamani ya kati hushushwa Kidatu ukapakiwa upya.

TAZARA yenyewe hatuisemi vibaya. Kilometa 1,860 zilijengwa toka 1970 mpaka 1975 kwa mkopo wa China, ili Zambia isiwapigie magoti walowezi wa Rhodesia. Ilikuwa reli ya heshima. Lakini nayo, wananchi, ilibeba nini? Shaba, kwenda baharini.

Na sasa wageni wanagombania tena. Mwaka 2022 njia ya Lobito ilikabidhiwa makampuni ya kigeni kwa miaka 30, na Marekani na Ulaya wanaiunga mkono kwa fedha. Wachina nao mwaka 2025 wametia saini kuifufua TAZARA. Watu wanashangilia. Twauliza, wanashangilia nini? Ashinde huyu au yule, mchanga wa Kongo utatoka vile vile. Nchi hiyo yachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, kobalti husafishwa China, betri inaturudia kwa bei ya mwenye kiwanda, na wenyeji wengi wa Kongo hawana hata taa ya umeme, nao wamelala juu ya shaba!

Wapo watakaosema reli ni reli, mgeni ataondoka na chuma kitabaki. Kimebaki tangu 1901. Kimetuletea viwanda vingapi vya kuyeyusha? Zimbabwe mwishoni mwa 2022 ilikataza lithiamu ghafi kutoka nchini. Wenye migodi walinung'unika, kisha mitambo ya kuichambua ikajengwa huko huko. (Mwenye mitambo bado ni mgeni, hilo twalijua.)

Basi wajumbe wetu wakiwekewa kalamu mezani, waulize kwanza: tani ngapi zitapanda behewa zikiwa nyaya, na ngapi zikiwa mchanga? Jibu liandikwe ndani ya mkataba, likasomwe hadharani, kabla ya saini.