Tangi la Bahari Darasani Lisiwe Kaburi la Matumbawe

Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, wenye nyumba walifuga samaki wadogo ndani ya birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika paliwekwa bakuli la kauri, na maji yalipopungua samaki hao walijikusanya humo wakasalimika. Ufugaji huo haukuhitaji mtambo wowote.

Hulikumbuka birika hilo kila nimsikiapo mwalimu akilalamika kwamba shule yake haiwezi kuwa na tangi la viumbe wa baharini kwa kukosa fedha na umeme wa kutegemewa. Waama, haja ya tangi hilo ni kubwa. Wanafunzi wengi wa visiwani humjua changu akiwa tayari kapuni. Mwamba wenyewe, uliomo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979, uko mbali, na nauli ya mashua haimudiki kwa darasa zima.

Nionavyo mimi, tangi la kioo la lita 50, likiwekwa kivulini, linatosha. Maji yatekwe Shela wakati wa maji kujaa, wala si gatini penye mafuta ya injini. Mawe yawe yale makavu yachimbwayo Maweni, kisiwani Manda, ambayo ni matumbawe yaliyokufa zama za kale, yaoshwe vyema. Kisha zitupwe humo chembe chache za dagaa, na darasa lisubiri mwezi mzima. Subira hiyo ndiyo somo lenyewe. Uozo hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, nayo pia hudhuru, kisha nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo. Anayeharakisha kutia viumbe kabla ya bakteria hao kuenea huwaua.

Baada ya hapo watiwe konokono wawili watatu na kaa mmoja mdogo, wa aina ile inayojisitiri ndani ya gamba la konokono. Kila wiki robo ya maji ibadilishwe. Na kosa ambalo aghalabu hufanywa na wageni wa kazi hii ni kujazia maji ya bahari pale tangi linapopungua kwa joto. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi haigeuki mvuke. Kilichopotea ni maji matamu, basi yarudishwe maji matamu, hasa ya mvua.

Matumbawe hai, hapana. Najua mvuto wa rangi zake, na najua mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini tujinyime kilicho mlangoni petu. Ajibiwe kwa mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kawaida yake, matumbawe ya pwani yetu, Kiunga ikiwemo, yakatoa vimelea vya mwani vinavyoyalisha, yakageuka meupe, na mengi yakafa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa kuyalinda, lita 50 katika chumba cha bati wakati wa kaskazi zitayafanyaje? Isitoshe, kuyang'oa hifadhini ni kosa kisheria.

Uingereza iliyaona haya. Philip Henry Gosse alichangia kuanzisha hodhi ya samaki ya umma jijini London mwaka 1853, na vitabu vyake vikawatia watu hamu ya kufuga viumbe wa pwani nyumbani. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund, aliandika kwa uchungu jinsi wakusanyaji walivyoyapora madimbwi ya miambani aliyoyajua utotoni. Walioyamaliza walikuwa watu waliodai kuyapenda.

Kwa hiyo mwalimu aombe kwanza ushauri wa afisa wa uvuvi, na daftari la darasa lionyeshe kila kiumbe kimetolewa wapi na lini. Wiki ya mwisho ya muhula, maji yakipwa, wanafunzi wabebe ndoo, wawarudishe kaa na konokono palepale walipowaokota.