Bima ya Safari: Isomwe Kabla ya Kulipiwa

Zamani mtu aliyejiandaa kwenda ng'ambo alihitaji pasipoti, tikiti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Siku hizi mara nyingi huongezewa karatasi ya nne, nayo ni hati ya bima ya safari. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu huinunua karatasi hii kama wanunuavyo stempu, kwa kuwa ubalozi umeitaka. Mwenye duka la tikiti hapa Kampala huulizwa swali moja tu: ya bei ndogo ni ipi? Hutoa hiyo, ubalozi huipokea, viza hugongwa, na msafiri huondoka Entebbe akiamini kuwa amekingwa. Lakini hati ya kumridhisha karani wa ubalozi si lazima iwe hati ya kumfaa mgonjwa aliyelazwa hospitalini, na tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza juma hili.

Tuchukue mfano wa nchi za Ulaya zilizomo katika mkataba wa Schengen, ambazo tangu mwaka 2025 ni 29. Mtu aombaye viza ya muda mfupi hutakiwa awe na bima isiyopungua euro 30,000, itakayolipia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, au gharama zitokanazo na kifo. Bima hiyo lazima iwe na nguvu katika nchi zote za mkataba na kwa siku zote za ukaaji. Sheria hiyo inatosha kwa karani. Haisemi lolote juu ya mzigo uliopotea wala tikiti iliyovunjika. Na ikumbukwe kuwa Uingereza haimo katika mkataba huo. Msafiri atokaye Brussels kwenda kumwona dada yake London huenda akawa ameiacha bima yake ng'ambo ya bahari, ilhali hospitali za serikali za England, kwa matibabu mengi, humtoza mgeni asiye mkazi asilimia 150 ya gharama iliyopangwa.

Basi achaguaye bima na aanze na swali hili: nikiugua, ni nani atakayeilipa hospitali, na lini? Ziko bima ambazo kampuni huzungumza na hospitali moja kwa moja na kudhamini malipo. Ziko nyingine ambazo msafiri hulipa kwanza kwa fedha zake, akusanye stakabadhi, kisha adai akisharudi. Kwa tajiri tofauti hiyo ni usumbufu tu. Kwa mwalimu au mwuguzi aliyefunga safari kwa akiba ya miaka miwili, bima ya namna ya pili ni sawa na kutokuwa na bima, kwa maana hospitali nyingi za kulipia hutaka amana kabla ya kumpokea mgonjwa.

Aghalabu kampuni iuzayo bima hapa nchini siyo ipokeayo simu ya dharura. Kazi hiyo hufanywa na kampuni nyingine ya nje iliyoajiriwa kwa ajili hiyo. Ulizeni jina lake, mchukue namba yake, na mpige kabla ya kulipa. Simu isiyojibiwa mchana mkiwa Kampala haitazamiwi kujibiwa usiku mkiwa Guangzhou.

Swali la pili ni juu ya mambo yasiyolipiwa. Haya huandikwa kwa herufi ndogo katika kurasa za nyuma, na ndiyo yapasayo kusomwa kwanza. Bima nyingi hazilipii ugonjwa ambao msafiri alikuwa nao kabla ya kuondoka, mathalani shinikizo la damu au kisukari, isipokuwa umetajwa na kukubaliwa kwa maandishi. Hapa ndipo wazee wetu wanapoumia. Mtoto aliyeko ng'ambo humwita mama yake, ndugu humjazia fomu, na penye swali la ugonjwa huandika "hapana" ili mambo yaende upesi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa yule aombaye, na kampuni ikigundua kuwa ilifichwa jambo la maana yaweza kukataa kulipa. Ni afadhali kulipa zaidi kidogo na dawa za mama zikatajwa kwa majina. Umri nao uangaliwe, kwani bima nyingi zina kikomo cha miaka, au hupandisha bei baada yake.

Kadhalika, wapo ndugu zetu wengi waendao India kwa matibabu. Bima ya safari ya kawaida hailipii matibabu yaliyokuwa ndiyo shabaha ya safari. Mgonjwa wa figo aendaye kupandikizwa, hata akiwa na hati nzuri mfukoni, hatalipiwa upasuaji huo, na huenda hata madhara yatokanayo nao yasilipiwe. Tumeona ni lazima kulisema hili wazi, maana wako watu wanaouza shamba kwa ajili ya safari na matibabu wakidhani bima itaziba pengo litakalobaki.

Mimba iliyokomaa, ajali ya mtu aliyelewa, na ajali ya pikipiki iliyoendeshwa bila leseni, haya pia huachwa nje mara nyingi. Tena bima ya mtalii si bima ya mfanyakazi. Msichana aendaye Ghuba kufanya kazi za nyumbani na aulize ni bima gani ambayo mwajiri wake analazimika kumwekea, na iandikwe katika mkataba wa kazi.

Sasa tuseme jambo ambalo watu huona haya kuliuliza. Mtu wetu akifa ng'ambo, jamaa hawana raha mpaka arudi azikwe kwao. Twaijua michango ipitishwayo kanisani, msikitini na kazini, na majuma ambayo mwili hukaa ukisubiri. Bima nyingi huahidi kurudisha mwili, lakini msidanganyike na tarakimu kubwa iliyo ukurasa wa mbele. Katika jedwali la ndani, kurudisha mwili huweza kuwa na kikomo chake peke yake, kidogo sana kuliko hiyo tarakimu kubwa. Kitafuteni kikomo hicho. Na fidia ya kifo cha ajali ni jambo jingine kabisa, wala haimhusu aliyekufa kwa malaria.

Kwa safari za karibu, wengi hudhani kuwa kadi ya njano ya COMESA, iliyoanza mwaka 1987, inatosha. Kadi hiyo ni ya gari. Huwafidia watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari hilo katika nchi nyingine za mpango, na husaidia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake katika ajali. Abiria aliyeshikwa na kidole tumbo baada ya kuvuka Busia au Mutukula hana lake katika kadi hiyo. Uanachama wa Amref Flying Doctors, ambao ndege zao huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, nao ni wa kumfikisha mgonjwa hospitalini, si wa kulipia kitanda. Waendao Zanzibar wajue kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, hata wakiwa na nyingine. Kiwango cha watu wa Afrika Mashariki kiulizwe kabla ya kufunga mizigo.

Kuhusu kampuni yenyewe, hakikisheni kwamba imo katika orodha ya kampuni zilizopewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kwamba mmepewa hati nzima yenye masharti, si cheti cha ukurasa mmoja tu. Ulizeni pia kama fedha hurudishwa viza ikikataliwa, na ni sehemu gani ya kila gharama mtakayoibeba wenyewe.

Mwenye kudai lazima awe na karatasi. Aliyeibiwa apate maandishi ya polisi wa huko huko. Mzigo usipoonekana, taarifa iandikwe kabla ya kutoka uwanjani. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya maandishi kwa shirika la ndege hutakiwa ndani ya siku 7 kwa sanduku lililoharibika, na siku 21 kwa lililochelewa. Na nakala moja ya hati, pamoja na namba ya simu ya dharura, iachwe nyumbani kwa mtu ajuaye kusoma na asiyezima simu yake usiku.