Malalamiko Hayangoji Mkutano Uishe

Makongamano ya watu wa kompyuta yanazidi kuikaribia Kanda ya Ziwa. PyCon Africa, mkutano wa waandishi wa programu wanaotumia Python, ulianzia Accra mwezi Agosti 2019. DjangoCon Africa, ya wanaotumia Django, nyenzo ya Python ya kutengenezea tovuti, ilianzia Zanzibar Novemba 2023, ikaenda Arusha Agosti 2025. Mwezi huohuo wa Agosti 2025, Nairobi iliwapokea wanawikimedia wa dunia nzima katika Wikimania. Ilemela, hapa Mwanza, nayo ina kiwanja cha ndege, ina hoteli kando ya maji, na ina vijana wenye hamu ya ufundi huu. Siku mkutano kama huo utakapowekwa hapa, waandaaji watahangaikia ukumbi, intaneti, chakula, fulana na wadhamini. Makala haya yanawasihi wahangaikie mapema jambo lisilotokea kwenye picha: nani atapokea taarifa ya mtu aliyeudhiwa, na ataifanyia nini.

Ubaya wenyewe mara nyingi hautokei ukumbini. Hutokea jioni kwenye chakula cha pamoja ufukweni, kwenye gari la kuwarudisha wageni hotelini, au katika ujumbe wa WhatsApp unaotumwa saa tano usiku kwa namba iliyochotwa kwenye orodha ya kujiandikisha. Tuseme binti wa mwaka wa pili chuoni ametoka Buswelu kwa daladala, shida yake ni kupata nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Mwenye nafasi hiyo ni mtoa mada, na pengine ndiye bosi wa kampuni iliyolipia chakula. Akimwambia wakazungumzie nafasi hiyo chumbani, huo si utani wa vijana. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamfanya mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au upendeleo kuwa mhalifu, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113.

Lakini binti huyo hatapiga 113 usiku ule. Atamwendea mtu aliyevaa kitambulisho cha mwandaaji, kwa sababu ndiye aliye karibu.

Hapo ndipo penye hatari. Mwandaaji ambaye hakufundishwa atafanya alichozoea kuona nyumbani na kazini: atatafuta suluhu. Atamwita mlalamikiwa pembeni, atawakalisha wote wawili meza moja, atamwomba dada asamehe, ataomba yaishe. Atataja mdhamini anayeweza kujitoa, atataja jina la Mwanza litakaloharibika. Huenda ana moyo mzuri kabisa. Hata hivyo amemlazimisha mtu aliyeogopeshwa kukaa uso kwa uso na aliyemwogopesha, kisha amemtwika mzigo wa kuuokoa mkutano. Suluhu inafaa kwa ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. Haifai pale mmoja ana cheo, fedha na ajira mkononi, na mwenzake ana kitambulisho cha chuo tu.

Tena yaishe hiyo inakula muda wa sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kinachohusu unyanyasaji wa kijinsia kwa maneno au vitendo, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini, au vyote viwili. Kifungu hicho kiliweka na ukomo: malalamiko yasiletwe baada ya siku 60 kupita tangu tukio. Kamati inayosema itakaa mkutano ukiisha, halafu ikasubiri hesabu za fedha zifungwe, halafu mwenyekiti arudi safari, inaweza kumfungia mlalamikaji mlango wa mahakama bila yeye wala wao kujua.

Jirani zetu wa Nairobi waliyaona madhara ya kuchelewa. Ushahidi, taasisi ya teknolojia iliyozaliwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya na kusifiwa duniani kwa ramani zake za taarifa za wananchi, mwaka 2017 ilikabiliwa na malalamiko ya mfanyakazi wake wa kike dhidi ya mkurugenzi mtendaji. Bodi ilichukua wiki nyingi. Mwezi Julai mfanyakazi huyo alijieleza hadharani, na mkurugenzi akaondolewa. Taasisi iliyojengwa ili sauti za watu zisikike haraka haikuwa na njia ya haraka ya kusikia sauti kutoka ndani ya nyumba yake. Waandaaji wa Ilemela wasijidanganye kwamba nia njema ya kazi yao itawakinga.

Kuna kosa la upande wa pili, la kuhukumu kwa pupa, na Usukumani linajulikana vizuri. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mtu hutoka, na asiyetoka hutozwa faini. Kwa mwano huo sungusungu, walinzi wa vijiji, wa miaka ya 1980 waliwafukuza wezi wa mifugo. Ni urithi wa heshima, kwa kuwa unafundisha kwamba kilio cha mmoja kinawahusu wote. Lakini mikoa hiihii ya Mwanza na Shinyanga imezika vikongwe wengi waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Umati ulisikia, haukuuliza. Kundi la WhatsApp lenye watu mia tano linaweza kufanya hivyohivyo kwa jina na picha ya mtu kabla kamati haijasikia neno lolote.

Machi 2013, kwenye PyCon ya Marekani huko Santa Clara, mhudhuriaji mmoja alisikia wanaume waliokaa nyuma yake wakifanya mzaha wa matusi. Aliwapiga picha, akairusha Twitter. Wahudumu wa mkutano walizungumza na wahusika, na kwa upande wa mkutano jambo lilikuwa limeshughulikiwa. Mtandaoni ndiyo kwanza lilianza. Mmoja wa wanaume wale alifukuzwa kazi. Kisha mwanamke aliyelalamika akashambuliwa kwa vitisho vya kutisha, naye akafukuzwa kazi. Hakuna aliyepata haki pale, na anayelaumu wanawake kwa kwenda mtandaoni ajiulize kwanza kama mlango wa ndani huwa wazi, unaonekana, na una mtu.

Basi mlango huo ujengwe. Watu wawili au watatu wateuliwe kabla tiketi hazijauzwa, angalau mmoja awe mwanamke, na wasiwe walewale wanaotafuta fedha za wadhamini. Majina na namba zao za simu zibandikwe ukutani, zichapishwe nyuma ya vitambulisho, zitangazwe kila asubuhi kwa Kiswahili chepesi. Mtu akija, asikilizwe mahali pa faragha, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, na asiulizwe alivaa nini wala kwa nini alikwenda. Aulizwe anahitaji nini ili awe salama leo: pengine ni mtu wa kumsindikiza, pengine chumba kingine, pengine ni kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Akija mwanaume, asikilizwe vilevile. Aibu humziba mdomo zaidi.

Mlalamikiwa naye aitwe peke yake, aelezwe, ajibu. Rafiki, ndugu au mwajiriwa wake aliye kwenye kamati atoke. Jumuiya ya Django imeliandika hilo katika taratibu zake, na imeahidi kumjulisha mlalamikaji ndani ya saa 24 kwamba taarifa yake imefika. Kwa mkutano wa siku tatu, uamuzi wenyewe unapaswa kutoka siku ileile. Kamati haimfungi mtu jela. Inaamua tu nani abaki ukumbini, kama vile mwenye nyumba anavyoamua nani alale kwake, kwa hiyo haihitaji ushahidi wa kumridhisha hakimu. Inahitaji kusikiliza pande zote kwa uaminifu na kuandika sababu za uamuzi wake.

Maandishi hayo yafungiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiwachekei wanaotawanya taarifa za watu, na katibu anayemsimulia mkewe au rafiki yake amevunja ahadi hata kama hakuna atakayemshtaki.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu yaliyokuja na kompyuta. Wanakosea. Sheria ile ya 1998 ilipiganiwa na Watanzania, mstari wa mbele wakiwamo waandishi wa habari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, wakati ambapo watu wengi nchini walikuwa hawajawahi kuiona kompyuta. Wengine watasema waandaaji ni watu wa kujitolea, hawana mshahara. Ni kweli, na ndiyo maana wafundishwe mapema, wasiachwe wabahatishe. Saa chache za mafunzo na simu mbili zenye vocha hazizidi bei ya fulana za mkutano.

Mkutano ukiisha, waandaaji watoe taarifa fupi bila majina: malalamiko mangapi yalifika, ya aina gani, hatua zipi zilichukuliwa. PyCon ya Marekani imekuwa ikifanya hivyo. Namba hizo zisionewe aibu, kwani sifuri inaweza tu kumaanisha kwamba watu hawakuona wa kumwambia. Na orodha ya waliozuiwa ikabidhiwe kwa siri kamati ya mwaka unaofuata, ili mtu aliyetolewa ukumbini Ilemela asirudi baada ya miezi 12 akiwa mgeni rasmi.