Tusingoje Samaki Wafe

Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea, Waziri Selemani Jafo aliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Baada ya siku chache jibu likatoka: kinyesi na mikojo ya ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza oksijeni majini. Nchi nzima ikabishana kuhusu ng'ombe. Ubishi ule ulitupotezea muda, na bado unatupotezea.

Kinyesi kikizidi kweli huua samaki, na uchimbaji wa dhahabu, ambao mimi ndio ninaouhofia zaidi, kweli unalisha familia nyingi. Hayo nayakubali. Lakini kinachoua samaki si lazima kiwe ndicho kinachodhuru watu, na kwetu mkoani Tabora tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Nenda Nzega. Mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, mchanga uliosagwa na karasha, mashine ya kuvunjia mawe, humwagiwa zebaki ndani ya karai, ukakandwa kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikamate dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni, mara nyingi uani, watoto wakicheza hapo hapo. Mvuke wake hauna harufu. Huingia mapafuni, ukashika mishipa ya fahamu, na miaka ikienda mikono huanza kutetemeka. Zebaki inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, husombwa na mvua hadi vijitoni. Huko kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo hupanda kutoka kwa wadudu hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Na samaki huyo alivuliwa akiwa mzima! Hakuelea, maji hayakubadilika rangi, basi nani ataunda kamati? Kule Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini serikali ilikiri kuwa chanzo ni zebaki ya kiwanda cha Chisso mwaka 1968. Miaka 12 watu waliendelea kuugua. Tanzania iliridhia mkataba wenye jina la mji huo mwaka 2020. Tunangoja nini? Wachimbaji wapimwe mkojo, wajawazito wapimwe nywele, tope la vijito lipimwe kila msimu wa mvua, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, si kufungiwa Dodoma.