Kulia si kulialia

Kuna neno moja linaloua albamu kabla haijafika wimbo wa tatu: kulialia. Msanii ametoa nyimbo kumi za taratibu, gitaa mbele, ngoma kwa mbali, anaimba habari ya kuachwa, ya kufiwa, ya kukaa mbali na kwao. Mtangazaji anasikiliza dakika mbili, anasema huyu naye analialia, anaweka wimbo mwingine. Waandishi wa burudani wanalidaka neno, mashabiki wanalirudia, hukumu imepita. Imani iliyojificha humo ni kwamba wimbo wa huzuni ni wa msanii ambaye hajakomaa, na kwamba siku akikomaa atatuchezesha. Naipinga imani hiyo, na naipinga nikiwa Kigoma, kwa sababu waimbaji wa huku wametupiwa neno hilo mara nyingi mno.

Tuliangalie neno lenyewe. Kiswahili kikirudia kitenzi namna hii, mara nyingi kinakipunguzia uzito. Anayetembea ana aendako, anayetembeatembea hana. Anayelia ana kinachomliza. Anayelialia anasumbua tu masikio ya watu. Basi anayesema mwimbaji analialia hajatueleza wimbo ulivyo. Amekana kwamba kuna kinachomliza mwenzake. Ni dai zito, na ushahidi wake sijawahi kuusikia redioni.

Mchukue Mwasiti, binti wa Kigoma aliyepitia Tanzania House of Talent. Jina tu la wimbo wake "Nalivua Pendo" linanitosha. Pendo linavuliwa kama nguo iliyobana, na anayelivua ni yeye, kwa mikono yake, bila kusubiri ruhusa ya mtu. Huyo ameumia na ameamua. "Kamwambie" ya Diamond Platnumz, ambaye damu yake ni ya huku ingawa amekulia Tandale, Dar es Salaam, nayo ni agizo: mtu anatumwa, ujumbe uende. Na wanaodai huzuni haiuzi wakumbuke kwamba wimbo huo, ambao haukuwa wa kuchezesha, ndio uliomfungulia njia. Kwenye tuzo za muziki za Kili za 2010 alipata tatu kwa mpigo.

Kinachoniuma zaidi ni mizani mbili. Mwaka 2012 Adele wa Uingereza alibeba tuzo sita za Grammy, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka, na albamu ile ya "21" imejaa maumivu ya kuachwa. Ilipigwa hapa kwetu mchana na usiku, na sikumsikia hata mmoja akisema dada yule analialia. Yeye alikuwa anaimba kwa hisia. Mwaka huohuo wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakatoa "Leka Dutigite", wimbo wa kujivunia kwao, na nchi nzima ikawapigia makofi. Niliwapigia na mimi. Lakini Linex, Mwasiti, Diamond, wote waliokuwemo mle, walikuwa wameshajenga majina yao kwa nyimbo za majonzi. Walipojidai tuliwashangilia. Walipolia tuliwahesabia dosari.

Tangu lini kulia kumekuwa utoto kwetu? Lugha yetu yenyewe huuita msiba kilio. Mtu huenda kilioni, hukaa mkekani, huchota maji, huchangia unga, na anayesemwa ni yule asiyekwenda. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga Al-Inkishafi akiusemesha moyo wake juu ya magofu ya Pate, na mpaka leo wasomi wanautaja utenzi huo miongoni mwa vilele vya ushairi wa Kiswahili. Remmy Ongala, mtoto wa Kongo aliyekuja kuwa wetu, alikiimba kifo kwa jina lake, na watu wakacheza huku wakiwaza.

Zipo nyimbo mbovu za huzuni, nakubali: machozi ya kuazima, sauti iliyofunikwa na mashine, maneno yasiyo na mtu ndani yake. Ziitwe mbovu, na mhakiki atuonyeshe ubovu uko kwenye ubeti gani, kwenye pumzi ipi ya mwimbaji. Hiyo ndiyo kazi yake. Neno moja la kejeli halijawahi kuwa uhakiki.

Na kinachomliza mwimbaji wa huku si cha kutafuta mbali. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia kwao walikwama Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na ziwa. MV Liemba, meli iliyoanza kuelea kwenye maji haya mwaka 1915, ikawa inawaleta Kigoma safari baada ya safari, na Uwanja wa Lake Tanganyika, ambako tumezoea kwenda kutazama mpira, ukawa mahali pao pa kulaza watoto kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Miaka ya tisini walikuwa wamepita njia hiyohiyo ya ziwa Wakongo wengi. Mtoto wa Mwanga au wa Gungu, mitaa ya mji wetu, aliyesimama pembeni akiwatazama Warundi wale wa 2015, akiwa na miaka kumi, sasa amefika umri wa kuingia studio. Akija na albamu yake, nyimbo zote za taratibu, mtangazaji aisikilize mpaka wimbo wa mwisho, halafu amuulize alichokiona.