SIMU HAIPONYI PEKE YAKE

Hapana mwananchi asiyejua kwamba simu ya mkononi imekwisha fika vijijini. Mkulima huulizia bei ya mahindi kwa simu. Mzazi hupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye mjini kwa simu. Na habari ya msiba huuenea ukoo mzima kabla jua halijatua. Laini za simu nchini Tanzania sasa ni nyingi kuliko watu 61,741,120 waliohesabiwa katika Sensa ya mwaka 2022. Basi si ajabu kwamba waganga nao wamejiuliza: je, chombo hiki chaweza kutusaidia kupigana na saratani ya mlango wa kizazi?

Swali hilo ni zito. Saratani hiyo ndiyo inayowapata wanawake wa nchi hii kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba wanawake zaidi ya 10,000 waliugua katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 6,000 wakafa. Wengi wao ni akina mama walio bado katika umri wa kulea na kulima.

Lenye kusikitisha zaidi ni kwamba vifo vingi vya namna hiyo vyaweza kuzuiwa. Maradhi haya huletwa na virusi, na kwa kawaida hupita miaka kumi au zaidi kabla mabadiliko madogo hayajawa saratani. Katika muda huo wote, muuguzi aliyefunzwa aweza kuyagundua kwa kupaka siki iliyopunguzwa makali na kutazama kwa taa. Penye kasoro hugeuka peupe. Pakionekana, paweza kutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauumi wala hauonekani kwa macho ya mwenye nyumba. Mama hungoja mpaka aone damu, na hapo ukuta umekwisha kuanguka.

Simu yaweza kufanya nini hapa? Mambo mawili yamekwisha kujaribiwa, nasi twayasifu yote mawili.

La kwanza limefanyika katika Mkoa wa Kilimanjaro. Muuguzi wa kijijini, akiisha kupaka siki, hupiga picha kwa simu na kumpelekea daktari bingwa aliye mbali, naye humjibu mgonjwa akiwa bado yupo. Kwa njia hiyo muuguzi haachwi peke yake na shaka yake, na kila picha humwongezea ujuzi.

La pili ni ujumbe mfupi wa kuwaita akina mama. Katika Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, wanawake 866 waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu moja lilipata ujumbe mmoja tu. La pili lilipata mfululizo wa ujumbe wa mafunzo. La tatu lilipata mfululizo huo pamoja na vocha ya nauli ya kwendea kliniki na kurudi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Katika fungu la kwanza walikwenda kupimwa wanawake kiasi cha 4 katika kila 100. Katika la pili kiasi cha 13. Na katika la tatu 18.

Tuzitazame hesabu hizo kwa makini. Zatuambia kwamba ujumbe una nguvu. Zatuambia pia kwamba nauli huiongeza nguvu hiyo. Lakini zatuambia jambo la tatu, nalo ndilo tusilopenda kulisikia: hata baada ya mafunzo na nauli, wanawake zaidi ya 80 katika kila 100 hawakwenda.

Sababu zake si ngumu kuzikisia. Laini nyingi si watu wengi. Mmoja ana laini tatu, na jirani yake hana hata moja. Nyumba nyingi zina simu moja, nayo hukaa mfukoni mwa baba. Ujumbe wa kumwita mama akapimwe mlango wa kizazi ukisomwa kwanza na mume au shemeji, waweza kuzaa maswali na fitina pasipo sababu. Na mama akiisha kuupata, akaacha shamba, akasafiri, kisha akakuta muuguzi yuko safarini au siki imekwisha, hatarudi tena, na jirani zake hawatakwenda kabisa.

Kwa hiyo twasema waziwazi: kazi isipimwe kwa idadi ya ujumbe uliotumwa. Ipimwe kwa idadi ya akina mama waliochunguzwa, na waliokutwa na kasoro wakatibiwa. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba kufikia mwaka 2030, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa wakiwa na umri wa miaka 35, na tena wakiwa na 45. Shabaha hiyo haitafikiwa kwa maneno ya hewani.

Twaziomba Halmashauri za Wilaya zisipeleke mwito kijijini kabla hazijahakikisha kwamba siku iliyotajwa kliniki itakuwa wazi, na muuguzi, siki, taa na mashine ya kutibia vipo. Palipo mbali, wauguzi waende kwa wananchi. Ujumbe uandikwe kwa lugha ya staha isiyofichua siri ya mtu. Na asiye na simu aendewe na mhudumu wa afya wa kijiji chake, kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Nanyi ndugu wanaume, mkisoma ujumbe huo katika simu zenu, msiufute wala msiuulizie mabaya. Mpeni mama nauli, mkapike siku hiyo moja.

Tangu mwaka 2018 binti zetu wanachanjwa dhidi ya virusi hivi, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mama zao hawakuipata chanjo hiyo. Kinga yao ni kupimwa, hasa kuanzia umri wa miaka 30, na mapema zaidi kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Simu imekwisha kuita. Sasa ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba anayeitika hakuti mlango umefungwa.